Maksi Tisa kwa Pombe Iliyokufa

Siku mliyoniaga mlinipa bilauri kubwa ya bia, yenye mkono, iliyochorwa jina langu kwa herufi za kupindapinda: Sufo Amadi. Ahsanteni. Miaka thelathini na kitu nimemimina bia bila kuionja hata tone, na katika vitu vyote vilivyomo madukani Palma mkaona kinachonifaa ni hicho. Mke wangu ameitia chumvi ya mawe. Iko jikoni, na kwa vile ni nzito kuku hawaiangushi.

Mliniomba pia niwaandikie kidogo habari za kazi, ninyi mliobaki kaunta, kwa kuwa mimi ndiye niliyeijua nyumba ile tangu friji yake ilipokuwa ya mafuta ya taa. Haya. Vyeo na mishahara siviandiki, vinawafurahisha waliovipata tu. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifunza, vyombo tulivyokuwa navyo, na kisha ile habari ya Dona Felismina, ambayo najua mnaisimulia kwa kucheka na mnaisimulia vibaya.

Nilitoka Olumbi nikiwa kijana, natafuta kazi ya kubeba mizigo. Nyumba yetu ya wageni, pensão kama ilivyoandikwa ukutani, ilikuwa na vyumba vitatu, baraza, na kaunta ya mninga ndefu kuliko ilivyohitajika. Nyuma ya kaunta alisimama mzee Bakari, Mmwani wa pwani ya Quiterajo, mwenye kofia safi na mikono mikubwa. Aliswali swala zote tano, na kati ya swala na swala akifungua chupa. Nilipomuuliza anawezaje, alinijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, hapa wameajiri mkono. Mdomo umebaki wako."

Siku ya kwanza hakunipa hata kitambaa. Alipanga chupa kumi na mbili juu ya kaunta, akaniambia nigeukie ukutani nisikilize. Akafungua moja moja. Bia iliyo hai hutoa mlio mfupi, mkali. Iliyokufa hutoa pumzi tu, kama mtu aliyechoka kuulizwa. Katika zile kumi na mbili iliyokufa ilikuwa moja, na mimi nikasema tatu. "Kesho tena," akasema. Ikawa kesho tena kwa wiki mbili.

Baada ya masikio akanifunza pua. Nilijifunza kujua kreti iliyolala juani, chupa iliyofungwa vibaya, bilauri iliyofutwa kwa kitambaa cha jana. Vyombo vyenyewe vilikuwa vichache: kifungulio kimoja cha chuma kilichoning'inia kiunoni kwa Bakari, vitambaa vinne, na bilauri ishirini ambazo hakuna mbili zilizofanana. Tuliziosha kwa majivu ya makumbi na ndimu, tukazisuuza mara tatu, tukazifudikiza. Sabuni huua povu. Ninyi mnaosha kwa sabuni ya unga, mnafuta kwa taulo lililoshikiwa samaki, halafu mnamlaumu aliyetengeneza bia. Hayo nimewaambia kwa mdomo mpaka nikachoka, sasa nimeandika.

Kule nyumbani walinisema sana. Mjomba wangu aliapa kwamba hatakula chakula changu, kwa kuwa kimenunuliwa kwa kazi ya haramu. Mwaka haukuisha akanitumia mtu kuniuliza kama zipo chupa tupu, za kutilia mafuta ya nazi. Nilimpelekea gunia zima. Haramu ilikuwa imetoka kwa maji ya moto, nadhani.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya Bakari. Lori lililoleta bia kutoka Mocímboa liliharibikia njiani, na mzigo ukakaa juani siku mbili. Ulipofika, barazani palikuwa na timu ya mpira imeshinda na inashangilia. Patrau, mwenye nyumba, akasema wapewe hizo hizo, walevi hawachagui. Bakari alifungua moja, akasikiliza, akanusa, kisha akabeba kreti zote hadi nyuma ya jiko na kuzimwaga mchangani, chupa moja baada ya nyingine, patrau akiwa amesimama anamtukana. Alisimamishwa kazi mpaka mwezi uliofuata. Alipokuwa akifunga kitambaa chake nilimwambia kwamba wale wachezaji wasingejua. Akasema: "Ndiyo maana. Mtu haoni ndani ya bilauri, anakutazama wewe usoni. Ukishajua kitu kimekufa, kimekufa. Humpi mtu, hata kama hatajua." Kisha akaniachia kile kifungulio cha chuma nikishike mpaka arudi. Baada ya miaka mingi alikufa, na kikabaki kiunoni kwangu. Ndicho hicho mnachokigombania sasa.

Mengine mnayajua. Tulikimbia mji vita vilipoingia, tukarudi. Kaunta tuliikuta imesimama, imeungua upande mmoja, ndio huo upande mweusi mnaoufunika kwa kitambaa cha maua wageni wanapokuja. Sijui mnamficha nani.

Kisha watu wa kambi ya kuchimba gesi nao wakarudi, na safari hii wakaja na wapenzi wa bia.

Wanywaji nimewaona wengi, na sina ugomvi nao. Mnywaji anataka baridi, anataka haraka, na anataka mtu wa kumsikiliza akimlalamikia shemeji yake. Hawa walikuwa kitu kingine. Walijiita klabu. Walikuwa sita au saba, wengine wageni wa mbali, wengine vijana wetu wa Maputo, na mkubwa wao alikuwa engenheiro Edgar, mtu wa Maputo, mwenye ndevu zilizopakwa mafuta na daftari la ngozi lililoning'inia shingoni. Alisoma Ureno, na pamoja na uhandisi akajifunza huko kunusa. Kila Jumamosi alasiri walikaa barazani kwetu na chupa walizoletewa kutoka Maputo na Afrika Kusini, zimefungwa gazeti moja moja. Lebo zake zilikuwa na mafuvu, mabundi, nyangumi aliyevaa kofia. Waliziita bia za mkono, kana kwamba zile nyingine zinatengenezwa kwa miguu.

Hawakunywa mara moja. Kwanza bilauri iliinuliwa kwenye jua. Kisha ikazungushwa. Kisha pua ikaingia ndani, macho yakafungwa, na sote tukangoja.

"Ngozi ya farasi," mmoja angesema.

"Farasi aliyenyeshewa," mwingine angemsahihisha.

Palma nzima hakuna farasi, wala sijui wao walimnusa wapi. Baada ya farasi zilikuja maksi, juu ya kumi, na ubishi. Huyu anatetea stauti, yule bia ya ngano, na mmoja alikuwa shabiki wa ile bia chungu wanayoitaja kwa herufi tatu, ambayo kwa maelezo yake inazidi kuwa bora kadiri inavyoshindikana kumezwa. Bilauri moja ilichukua nusu saa. Mimi nilikuwa nimesimama na trei.

Walipochoka chupa wakagundua kwamba na sisi tuna pombe zetu. Waliulizia uraka wa mabibo mwezi wa Mei, wakashangaa kwamba mikorosho haikuwa tayari. Wakaenda Quionga kulinganisha tembo la mnazi la asubuhi na la alasiri, nami nikachukuliwa kama mkalimani. Edgar alimuuliza mgema anatumia chachu gani. Mgema alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la ajabu, akasema, "Kibuyu." Maana yake ni kwamba kibuyu hakioshwi, na lililobaki jana ndilo linalochachusha la leo. Edgar akaandika daftarini, chachu: kibuyu, akapiga mstari chini. Miezi miwili baadaye nilimsikia akimweleza mgeni kwamba pwani hii ina chachu ya aina yake, haijulikani kwingine, jina lake kibuyu. Sikumsahihisha. Nilikwenda jikoni kumsimulia Saidi mpishi, tukacheka. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya, na nawaomba muiangalie vizuri, maana inakuja tena.

Sasa Felismina. Huyu ni Mmakonde wa bara, Mkristo, mjane, nimemzidi umri kidogo tu. Anakaa nyuma ya soko na anapika pombe ya mtama. Mtama anauloweka, anaufunika kwa majani mpaka uchipue, anauanika, anausaga kwa jiwe, ndio kimea. Anapika uji, anauacha upoe mpaka mkono uvumilie, anachanganya kimea, anangoja siku mbili, anachuja. Watu wa bara waishio Palma wakiwa na harusi, au kuwatoa vijana unyagoni, au kumaliza matanga, huuliza kwanza kama pombe ya Felismina ipo, kisha ndipo waulize nani anakuja. Tuliporudi mjini alikuta kwake pamebaki lile jiwe la kusagia tu. Alianza upya na chungu kimoja, bado hajapata bati la kuezekea, na watu walikuwa tayari wanampelekea mtama kwa sababu ya jina lake.

Kwao aliyepika ndiye anayeanza kunywa, mbele ya macho ya watu. Asipoanza yeye, hakuna anayegusa. Nilipompeleka Edgar kwake mara ya kwanza, Felismina alichota kwa kata, akanywa, akampa iliyobaki. Edgar aliitazama ile kata pale penye alama ya mdomo, akaomba kikombe safi. Wanawake waliokuwepo walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilimweleza maana yake kwa Kireno, naye akaandika neno moja: ritual, yaani tambiko.

Siku zile kambini walikuwa wanafungua baa mpya, na meneja wake alitaka pombe moja ya kienyeji ya kuuza kila wiki. Klabu ndiyo ingechagua. Felismina aliitaka sana nafasi ile na hakunificha.

"Kaka Sufo," aliniambia, "nimechoka kukaa chini sokoni na dumu katikati ya miguu. Nikipata mahali pamoja pa kupeleka, mgongo utapumzika. Na wakinywa watajua ni yangu."

Alileta madumu mawili siku ya Alhamisi. Aliniambia inywewe Jumamosi mchana, Jumapili bado inanyweka, Jumatatu imekufa. Lakini klabu ilikuwa imemwalika mwonjaji mkubwa kutoka nje, na ndege yake ilikwama Pemba kwa mvua. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Jumatatu asubuhi Felismina akaja mwenyewe, akafungua dumu, akanusa, akafunga.

"Imekufa hii. Mwaga, kaka. Mimi naenda Olumbi msibani, nikirudi Alhamisi napika nyingine. Waambie wanisubiri Jumamosi."

"Sawa, dada," nikasema.

Sikuimwaga siku ile kwa uvivu. Nyuma ya jiko palikuwa na tope na nilikuwa nimevaa viatu vya kazi. Huo ndio ukweli wa Jumatatu. Wa Jumanne ni mwingine.

Jumanne mwonjaji alifika, na sanduku dogo la bilauri zake mwenyewe. Nilikuwa naziweka mezani Edgar aliponinyang'anya moja mkononi, mbele ya wote, akanionyesha jinsi ya kuishika chini, kwa vidole viwili.

"Tio, não é assim. Sivyo, mjomba. Ukiishika hivyo unaipasha moto."

Kisha akamgeukia mgeni, akamwambia kwa kunisifu, na ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alikuwa akinisifu: "Mzee wetu huyu hajawahi kuonja bia maishani mwake. Ni kipofu anauza picha!"

Wakacheka, bila ubaya wowote. Nilihisi masikio yakiniwaka. Nilikuwa nimefungua chupa nimegeukia ukutani kabla Edgar hajaota hata jino, na sasa ananifunza kushika bilauri.

Nilimwambia kwamba pombe ya Dona Felismina bado, tungoje Jumamosi. Akasema mgeni anaondoka kesho. "Si nimeyaona madumu yake pale nyuma? Lete tu, tio."

Neno lilikuwa moja: imekufa. Nalijua kwa Kiswahili, kwa Kimwani, kwa Kimakonde na kwa Kireno. Nikasema, "Sim, senhor engenheiro," ndiyo bwana mhandisi, nikaenda nyuma.

Niliichuja kwa kitambaa safi. Nilimimina taratibu kwenye zile bilauri ndefu, nikazibeba kwa kuzishika chini, kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa. Ilinuka siki na kitu kilicholowekwa kikasahaulika. Kisha nikasimama pembeni na trei kungoja nyuso zao zikunjamane. Nilitaka niione ya Edgar hasa.

Hazikukunjamana. Mwonjaji alifumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. "Maganda ya tofaa," akasema. "Ghala la zamani." Mwingine akaona limau. Edgar alifuta machozi, wallahi machozi, akasema huko Ulaya watu wanangoja miaka kupata uchachu kama huu, na hapa mama mmoja anaupata kwenye dumu la mafuta. Tembo la Quionga lilikuwa limepata maksi sita, bia ya nyangumi mwenye kofia ilipata tano. Pombe iliyokufa ilipata tisa.

Niliingia jikoni nikamwambia Saidi. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mchele. "Kipofu ameuza picha," nilikuwa nikirudia, "kipofu ameuza picha," na Saidi analia kwa kicheko huku ameshika mwiko. Sijawahi kucheka vile kazini kabla wala baada. Kisha nikaosha uso, nikarudi barazani kama mtu aliyetoka kuzika.

Ijumaa lililetwa bango la mbao, zito, likasimamishwa penye ngazi za baraza kungoja kupelekwa kambini. Lilichorwa mwanamke mwembamba mwenye chungu kichwani, asiyefanana na Felismina hata kidogo, na chini yake kwa Kireno: pombe chachu ya Dona Felismina. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisoma. Wanaojua Kireno waliwaambia wasiojua. Kufika adhuhuri nilimsikia mwanamke mmoja akimuuliza mwenzake njiani tangu lini Felismina anauza iliyochacha. Bado niliona inachekesha, lakini si kama Jumanne.

Jumamosi Felismina akaja, pamoja na majirani zake wawili, wamebeba pombe mpya. Klabu yote ilikuwa imekaa. Alichota, akanywa yeye kwanza, akampa Edgar. Safari hii Edgar hakuomba kikombe, alikuwa amejifunza. Alikunywa, na uso wake ukaanguka.

"Nzuri," akasema kwa adabu. "Nzuri sana. Lakini si ile."

"Ile ipi?" Felismina akauliza.

"Ile ya Jumanne."

Akaenda kwenye friji, akatoa chupa aliyoihifadhi kama dawa, akaifungua. Mimi niliisikia kutoka kaunta: pumzi tu. Akamimina bilauri moja, akampa kwa mikono miwili. Felismina aliifikisha puani, asiende mbele zaidi. Majirani zake wakasogea, wakanusa nao. Mmoja akajiziba mdomo kwa leso.

"Nani kawapa hii?"

"Tio Sufo," Edgar akasema, anatabasamu.

Hakupiga kelele. Alitembea mpaka kaunta, akaiweka ile bilauri mbele yangu, upande ule ulioungua.

"Kaka Sufo. Kwetu anayetoa ndiye anayeanza. Anza."

Edgar alidhani ni mila, akatoa simu kupiga picha. Mimi nilikuwa naitazama ile bilauri. Felismina anajua mimi ni mtu wa namna gani, hakuwa ananiambia nitende dhambi. Alikuwa ananiuliza kitu kingine.

"Siwezi," nikasema.

"Kwa sababu ya dini?"

Angalieni jinsi alivyonifungulia mlango. Ningesema ndiyo tu, na kila mtu pale, hata majirani zake, wangeniheshimu. Nilifungua mdomo nikakuta ndiyo haitoki.

"Kwa sababu imekufa."

"Basi ulijua."

"Nilijua, dada."

Aliichukua bilauri, akaimwaga nje ya ukingo wa baraza, akawaambia wenzake wanyanyue madumu. Edgar alimfuata mpaka ngazini. Alimwambia baa inaitaka ile ile ya Jumanne, kila wiki, kadiri atakavyoweza. Felismina akamjibu kwamba yeye hapiki pombe ya kumwagwa, akaondoka. Alipita mbele ya lile bango bila kuligeukia, kwa kuwa hasomi Kireno na picha haikuwa yake. Edgar aliniuliza mama anataka nini hasa. Nilimweleza yote, tangu Jumatatu. Alisikiliza, akasema lakini ilikuwa tamu kweli, tio, na akaandika.

Ninyi mkiisimulia huishia kwenye machozi ya Edgar na maksi tisa. Iliendelea. Baa ya kambini ilipata mtu anayekusanya masalio ya pombe sokoni, anayaacha juani, anapeleka. Bango likatundikwa juu ya mlango wa baa, na jina likabaki lile lile. Nilikwenda kumwomba Edgar alitoe. Akaniambia kwa upole kwamba jina limeshajulikana, é a marca, ndiyo alama ya biashara. Huku mjini watu wakaanza kumuuliza Felismina: hii ni ile ya watu, au ile ya kambini? Walikuwa wakitania mwanzoni. Kisha familia moja iliyokuwa ikimaliza matanga, watu aliowapikia miaka yote, ikaagiza kwa mwanamke mwingine. Siku niliyosikia hilo nilikuwa nafuta bilauri, na nikaendelea kuifuta ile moja mpaka Saidi akanishika mkono. Niliona haya. Nilikwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili alinipa kigoda, akaniuliza hali ya mke wangu, akaendelea na kazi.

Baadaye mikataba ya kina Edgar iliisha, wakahamishwa, baa ikabadilishwa kuwa stoo, na bango likarudishwa kwetu, likaegemezwa nyuma ya kreti. Siku mliyoniaga, pamoja na bilauri yenu, niliondoka nalo. Kama patrau anaulizia, si mchwa, ni mimi. Nililibeba begani mchana kweupe kupita katikati ya soko, maandishi yakiwa upande wa shingo yangu.

Nilimkuta anachochea moto chini ya chungu cha uji. Nililiweka chini. Alilitazama kidogo.

"Wameandika nini hasa?"

Nikamsomea. Akataka nimsomee tena, nikamsomea tena.

"Siku ile ulicheka?"

"Nilicheka."

"Na wao walicheka?"

Ilinibidi nifikirie, kwa sababu miaka hii yote nimewasimulia kana kwamba kichekesho kilikuwa chao. Niliwaona tena pale barazani, macho yamefumbwa, Edgar anajifuta kwa kiganja.

"Hapana," nikasema. "Waliipenda."

Akatikisa kichwa polepole, akageuza kuni.

"Basi wale hawakunidharau. Walikosea tu. Aliyenidharau ni wewe."

Aliingia ndani, akatoka na shoka, akanipa. Mbao ilikuwa nzuri, imekauka vizuri, ilipasuka bila kunisumbua. Alichagua kwanza kipande chenye jina lake, akakisukuma chini ya chungu, akaniambia nisogee kidogo, namzibia upepo.